Mwongozo Kamili wa Kutumia Ujumbe Mfupi wa Kiotomatiki kwa Usalama na Taarifa za Wateja

Ujumbe mfupi wa simu ulitumwa kwa mara ya kwanza Desemba 1992, na hadi leo unafika karibu kwenye kila simu, iwe simu janja au simu ndogo ya vitufe, bila mwenye simu kuhitaji intaneti wala programu ya ziada. Ndiyo maana benki, maduka ya mtandaoni, hospitali na kampuni za usafirishaji huutumia kwa mambo mawili yanayofanana kwa sura lakini yanayotofautiana kwa uzito: kumthibitisha mteja anapoingia kwenye akaunti au anapotoa fedha, na kumjulisha hatua iliyofikiwa na huduma aliyoiomba. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kujenga mfumo huo tangu mwanzo, na unaongozwa na msimamo mmoja. Kila ujumbe unaoutuma unamzoesha mteja sura ya ujumbe wa kweli, na siku tapeli atakapomwandikia, mteja huyo ataamua kwa kulinganisha na kile ulichomzoesha. Biashara inayotuma viungo ovyo, inayobadilisha jina la mtumaji mara kwa mara na inayomtaka mteja ajibu kwa kutaja taarifa zake binafsi inamrahisishia tapeli kazi, hata kama mitambo yake ni imara.

Hatua ya kwanza: orodhesha matukio, kisha uyagawe

Kabla ya kulipia huduma yoyote ya kutuma ujumbe, andika kila tukio la biashara yako ambalo mteja angependa kulijua papo hapo: malipo yamepokelewa, mzigo umetoka ghalani, miadi imeahirishwa, nywila imebadilishwa, mtu ameingia kwenye akaunti kwa kifaa kipya. Orodha ikikamilika, igawe katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni ujumbe wa usalama, yaani namba za uthibitisho na tahadhari kuhusu akaunti. La pili ni taarifa za huduma ambayo mteja tayari ameiomba au ameilipia. La tatu ni matangazo.

Mafungu haya yanapaswa kupita njia tofauti ndani ya mfumo, kila moja na foleni yake. Siku idara ya mauzo itakapotuma tangazo kwa wateja laki moja kwa mpigo, foleni itajaa, na namba ya uthibitisho aliyoiomba mteja wakati huo itamfikia ikiwa imeshapitwa na muda. Tangazo, kwa maoni yangu, halina nafasi ndani ya ujumbe wa usalama hata kwa sentensi moja, kwa sababu mteja anayeanza kuona matangazo mahali pa tahadhari huacha kuzisoma tahadhari zenyewe.

Hatua ya pili: pata namba sahihi na ridhaa iliyo wazi

Hifadhi namba zote za simu kwa muundo mmoja, yaani ule wa kiwango cha kimataifa cha E.164: alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, kisha namba yenyewe, jumla isiyozidi tarakimu 15. Mteja akiandika namba yake kwa kuanza na sifuri au kwa kuweka nafasi katikati, mfumo ndio urekebishe, wala asilazimishwe yeye kurudia. Kisha thibitisha kwamba namba ni yake kwa kumtumia namba ya uthibitisho siku anapojisajili, kwa kuwa tarakimu moja iliyokosewa inatosha kupeleka taarifa zake zote kwa mtu asiyehusika.

Kumbuka pia kwamba kampuni za simu huzigawa upya namba zilizoachwa kwa muda mrefu. Namba iliyokuwa ya mteja wako inaweza leo kuwa mikononi mwa mtu mwingine kabisa, ambaye hakuomba kujua salio la yeyote. Kwa hiyo mteja ambaye hajaingia kwenye akaunti kwa muda mrefu aulizwe kama bado anatumia namba ile ile kabla ya kuendelea kutumiwa mambo ya siri.

Kuhusu ridhaa, mwulize mteja mambo mawili kwa maswali mawili: kama anakubali kupokea taarifa za huduma yake, na kama anakubali kupokea matangazo. Hifadhi tarehe aliyokubali pamoja na maneno halisi aliyoyaona kwenye ukurasa. Nchi nyingi zina sheria kuhusu jambo hili, kama vile TCPA ya Marekani ya mwaka 1991 na GDPR ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018, na ni wajibu wako kuijua sheria ya kila nchi unayotuma. Mteja apewe neno fupi la kujitoa kwenye matangazo, na kujitoa huko kusimzuie kupata namba ya uthibitisho aliyoiomba mwenyewe.

Hatua ya tatu: chagua njia ya kutuma na jina la mtumaji

Biashara chache huunganishwa moja kwa moja na kampuni za simu. Nyingi hupitia kwa mtoa huduma wa kati ambaye ana mikataba na mitandao mingi, naye huwapa wateja wake kiolesura cha API ambacho programu yao hukitumia kutuma. Unapomchagua, muulize kama anapeleka ujumbe kwa mikataba halali na kila mtandao, kama anarudisha taarifa ya kufika inayotoka kwenye mtandao wenyewe, na kama unaweza kuweka kikomo cha matumizi ya siku. Bei ya chini sana mara nyingi huficha njia za mzunguko, ambazo huchelewesha ujumbe au kuupoteza, na njia ya namna hiyo haifai kabisa kwa ujumbe wa usalama.

Jina la mtumaji linaweza kuwa la herufi za Kilatini na tarakimu, lisizidi alama 11, na katika nchi nyingi ni lazima lisajiliwe kwanza. Nchi nyingine, Marekani ikiwamo, hazipokei majina, hivyo hutumika namba fupi au namba ya kawaida. Chagua jina moja na udumu nalo. Jambo ambalo wamiliki wengi wa biashara hawalijui ni kwamba simu hupanga ujumbe kwa kufuata jina la mtumaji peke yake. Tapeli akifanikiwa kutuma kwa jina lako katika mtandao usiodhibiti majina, ujumbe wake utaingia katika mlolongo ule ule wenye ujumbe wako wa kweli, chini ya namba ya uthibitisho uliyoituma jana. Hapo jina halimlindi mteja tena, na kinachobaki kumlinda ni mazoea uliyomjengea: kwamba hujawahi kumtumia kiungo cha kuingilia, wala hujawahi kumwomba namba ya siri.

Hatua ya nne: tengeneza namba ya uthibitisho kwa uangalifu

Namba ya tarakimu 6 ina michanganyiko 1,000,000, na hiyo inatosha iwapo tu masharti yanayoizunguka ni makali. Itengenezwe kwa kitengeneza namba nasibu cha kiusalama, si kile cha kawaida cha lugha ya programu ambacho matokeo yake yanaweza kubashiriwa. Ihifadhiwe kama maandishi, kwa sababu namba kama 004821 ikihifadhiwa kama tarakimu za hesabu itageuka 4821, na mteja aliyeandika kwa usahihi kile alichotumiwa ataambiwa amekosea.

Muda wa uhai wake uwe mfupi. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, uliotolewa mwaka 2017 uliweka ukomo wa dakika 10, na kwa kuingia tu kwenye akaunti dakika 5 zinatosha. Huduma nyingi za kutuma hukuruhusu pia kuweka muda wa uhai wa ujumbe wenyewe ndani ya mtandao wa simu. Ulinganishe na ule wa namba, ili simu iliyokuwa imezimwa isije ikawashwa usiku na kupokea namba isiyofanya kazi tena, na kumtia hofu mwenye simu.

Weka ukomo wa majaribio, tuseme 5. Kwa majaribio 5 anayebahatisha ana nafasi 1 kati ya 200,000, lakini hesabu hiyo huporomoka ikiwa anaweza kuomba namba mpya kila anapokwama, kwa maana kila ombi linampa majaribio mengine 5. Kwa hiyo majaribio yahesabiwe kwa akaunti katika kipindi kizima, yasianze upya kwa kila namba. Namba ikishatumika mara moja ife papo hapo.

Wataalamu wengine huifumba namba kwa njia ya kriptografia isiyorudi nyuma, yaani huigeuza kuwa alama ambazo haziwezi kufumbuliwa moja kwa moja, kabla ya kuihifadhi, wakiamini kwamba wamemaliza. Kwa namba ya tarakimu 6 ufumbaji wa aina hiyo peke yake ni kinga hafifu, kwa sababu kompyuta ya kawaida huijaribu michanganyiko yote milioni moja kwa muda mfupi sana. Tumia ufumbaji wenye ufunguo wa siri, na ufunguo huo usikae kwenye hifadhidata ile ile.

Sasa maneno ya ujumbe. Kwa kuingia kwenye akaunti, ujumbe kama huu unatosha:

"Namba ya kuingia: 408215. Inaisha baada ya dakika 5. Usimpe mtu yeyote, hata mfanyakazi wetu."

Namba imewekwa mwanzo ili isomeke kwenye kioo bila mteja kufungua ujumbe, na katazo limemtaja mfanyakazi wetu kwa makusudi, kwa kuwa hivyo ndivyo tapeli hujitambulisha anapopiga. Kwa malipo, ujumbe ueleze kitendo chenyewe:

"Unathibitisha malipo ya (kiasi) kwenda akaunti inayoishia 2217. Namba: 640193. Kama si wewe, usiiandike popote."

Mteja ambaye ameambiwa kwa simu kwamba namba hiyo ni ya kupokea zawadi atasoma kwamba ni ya kutoa fedha. Ujumbe usiotaja kitendo unamnyima nafasi hiyo ya mwisho ya kujiokoa, na mfumo wako uhakikishe kwamba namba iliyoombwa kwa kitendo kimoja haiwezi kutumika kwa kingine. Ikiwa wateja wako huingia kwa kivinjari, ongeza mstari wa mwisho wenye alama ya @, anwani ya tovuti yako, nafasi, alama ya # na namba yenyewe. Simu zinazouelewa muundo huo hupendekeza kuijaza namba kwenye tovuti iliyotajwa tu, na mteja aliyepotoshwa hadi kwenye tovuti ya bandia hatapata pendekezo hilo.

Kitufe cha kuomba tena kisifanye kazi hadi sekunde 30 au zaidi zipite. Mitandao haihakikishi kwamba ujumbe utafika kwa mpangilio uliotumwa, hivyo mteja aliyebonyeza mara tatu anaweza kubaki na namba tatu asijue ipi ni hai. Njia nyepesi ni kutuma tena namba ile ile ndani ya muda wake wa awali bila kuuongeza muda huo.

Hatua ya tano: hesabu herufi kabla ya kutuma

Ujumbe mmoja hubeba baiti 140. Ukitumia alfabeti ya kawaida ya GSM, yaani orodha ya herufi na alama ambayo mitandao ya simu huitumia kwa ujumbe mfupi, nafasi hiyo inatosha alama 160; ukiingiza alama moja tu isiyomo katika alfabeti hiyo, ujumbe wote hubadilishwa kuwa wa Yunikodi, mfumo wenye herufi na alama nyingi zaidi, na nafasi hushuka hadi alama 70. Ujumbe unaozidi hapo hukatwa vipande vya alama 153 au 67, kwa sababu sehemu ya nafasi hutumika kueleza namna ya kuviunganisha, na kila kipande hutozwa kivyake.

Herufi zote za Kiswahili zimo katika alfabeti ya GSM, lakini ipo alama inayowaponza wengi, nayo ni king'ong'o cha "ng'", yaani kile kistari cha juu kinachofuata g. Chukua ujumbe huu:

"Malipo ya king'amuzi chako yamepokelewa. Huduma itarejea ndani ya dakika 15. Kumbukumbu ya malipo: 7731402."

Una alama 107, na ukiandikwa kwa kistari kilichonyooka unakwenda kama ujumbe mmoja. Mwandishi akiutunga kwenye programu ya kuandikia nyaraka, programu hiyo hugeuza kistari kuwa kilichopinda bila kumuuliza, na kistari kilichopinda hakimo katika alfabeti ya GSM. Ujumbe ule ule unakuwa wa Yunikodi, unavuka alama 70, unakatwa vipande viwili na gharama inakuwa mara mbili kwa kila mteja. Alama za kunukuu zilizopinda, kistari kirefu na vikaragosi hufanya vivyo hivyo. Weka hatua ndani ya mfumo inayobadilisha alama hizi zote kabla ya kutuma, na imwonyeshe mwandishi idadi ya vipande anapohifadhi kiolezo. Jina la mteja nalo likiwa na herufi za kigeni linaweza kusababisha jambo hilo hilo, hivyo kiolezo kipimwe kwa majina halisi yaliyo marefu.

Hatua ya sita: mjulishe mteja kile anachokihitaji

Taarifa nzuri ya huduma hujibu maswali matatu: nini kimetokea, kinahusu ombi gani, na mteja afanye nini, hata kama jibu la swali la mwisho ni kwamba hahitaji kufanya lolote. Si kila badiliko la ndani linastahili ujumbe. Mteja anataka kujua kwamba mzigo umetoka, kwamba utafika leo, na kwamba umepokelewa na nani. Hana haja ya kujua kwamba umehamishwa kutoka rafu moja hadi nyingine.

Mifumo ya kiotomatiki hujaribu tena inapokosa jibu, na hapo ndipo mteja hupokea mara tatu ujumbe wa malipo mamoja na kudhani ametozwa mara tatu. Kila tukio lipewe kitambulisho cha pekee, na mfumo ukague kama ujumbe wa kitambulisho hicho umeshatumwa. Ukague pia kama tukio bado lina maana: ujumbe wa "mzigo wako unakuja" uliokwama kwenye foleni usitumwe baada ya mzigo kupokelewa.

Ujumbe huonekana kwenye kioo cha simu iliyolazwa mezani mbele ya watu. Usiandike jina la ugonjwa, matokeo ya kipimo, sababu ya mkopo kukataliwa wala namba nzima ya akaunti. Eleza kwamba taarifa ipo na kwamba mteja aingie mwenyewe kwenye akaunti yake kuisoma. Taarifa zisizo za haraka zitumwe mchana kwa saa za mahali alipo mteja, na zile za usalama zitumwe wakati wowote.

Kuhusu viungo, ushauri wangu ni kutokuviweka kabisa katika ujumbe wa usalama. Katika taarifa za huduma, ikibidi, kitumike kiungo chenye anwani kamili ya tovuti yako, kisichofupishwa, na kisichompeleka mteja moja kwa moja kwenye ukurasa wa kuandika nywila.

Hatua ya saba: zuia mfumo wako usigeuzwe chambo

Ukurasa wowote unaotuma ujumbe kwa namba iliyoandikwa na mgeni ni mlango wa gharama. Wapo wahalifu wanaoandaa namba nyingi za simu ambazo wao hupata mgawo wa mapato ya kila ujumbe unaoingia, kisha wanatumia programu kuomba namba za uthibitisho usiku kucha kwa gharama yako. Februari 2023 kampuni ya Twitter ilitangaza kwamba uthibitisho kwa ujumbe mfupi utabaki kwa wanaolipia huduma yake tu, ikieleza kwamba njia hiyo ilikuwa ikitumiwa vibaya.

Kinga zake ni za kawaida lakini ziwepo zote. Weka ukomo wa maombi kwa namba ya simu, kwa anwani ya mtandao (IP) ya anayeomba na kwa kifaa. Funga nchi zote ambazo huna wateja, na uzifungue moja moja. Ukiona maombi yanafuatana kwa namba zinazotofautiana tarakimu ya mwisho tu, yasimamishe. Kipimo kinachofichua uhalifu huu mapema kuliko vingine ni uwiano wa namba za uthibitisho zilizoingizwa kweli na wateja kwa zile zilizotumwa: ukishuka ghafla kwa nchi au mtandao mmoja, anayeomba huenda si mteja. Ufunguo wa API nao usiwekwe ndani ya programu ya simu ya mteja wala kwenye msimbo wa programu unaosomwa na wengi, kwa kuwa anayeupata anaweza kutuma utapeli kwa jina lako.

Hatua ya nane: fuatilia ujumbe hadi mwisho

Jibu la "umepokelewa" kutoka kwa mtoa huduma lina maana kwamba yeye ameupokea ujumbe, na halisemi lolote kuhusu simu ya mteja. Subiri taarifa ya kufika, ambayo hueleza kama ujumbe umefika, umekwisha muda, umekataliwa au umeshindikana, na uihifadhi pamoja na saa. Namba zinazoshindikana mfululizo ziondolewe kwenye orodha hadi mteja azithibitishe upya. Kwa ujumbe wa usalama andaa njia ya pili, kama vile simu inayoisoma namba kwa sauti, ambayo pia huwasaidia wateja wasioona vizuri.

Mahali ambapo ujumbe mfupi haupaswi kuachwa peke yake

Ujumbe mfupi haufumbwi kuanzia kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji, na yeyote anayeishika namba ya simu anaushika ujumbe. Mwaka 2017 nchini Ujerumani, wahalifu waliokwisha kupata nywila za wateja wa benki walitumia udhaifu wa SS7, itifaki ambayo mitandao ya simu huwasiliana kwayo, kuelekeza namba za uthibitisho kwao na kuhamisha fedha. Agosti 2019, akaunti ya Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa Twitter wakati huo, ilitumiwa na wengine baada ya namba yake ya simu kutekwa. Mwongozo wa NIST niliokwisha kuutaja uliruhusu njia hii kwa masharti tu, na ulitaka mtumiaji apewe njia mbadala.

Pamoja na hayo, mteja mwenye nywila na ujumbe mfupi yuko salama kuliko mwenye nywila peke yake, na kwa simu zisizo na intaneti hakuna njia nyepesi kuliko hii. Iendelee kutumika kwa kuingia kwa kawaida, na wenye simu janja wapewe programu ya kutengeneza namba kwenye simu yenyewe, ambayo kwa kawaida hubadilisha namba kila sekunde 30, au funguo za siri zinazohifadhiwa ndani ya kifaa. Kwa miamala mikubwa, muulize mtoa huduma wako kama anaweza kukujulisha kwamba laini ya mteja imebadilishwa hivi karibuni. Ikiwa imebadilishwa, muamala usubiri hadi mteja athibitishwe kwa njia nyingine.

Mlango unaosahaulika zaidi ni ukurasa wa kubadilisha namba ya simu. Anayeweza kuibadilisha kwa nywila peke yake ameshavuka kinga zote zilizotajwa hapa. Badiliko hilo lithibitishwe kwa namba ya zamani, au kwa utambulisho kamili ikiwa namba hiyo imepotea. Tahadhari itumwe kwenye namba zote mbili na kwenye barua pepe. Na utoaji wa fedha usimamishwe kwa angalau saa 24, ili mwenye akaunti apate muda wa kusema kwamba si yeye.